Gari inavuma kama ndege? Mwongozo kamili wa kuikamata beringi mbovu kabla hujabadilisha nzima

Kuna maneno nimeyasikia mpaka nimechoka: "nimebadilisha beringi (ile pete ya gololi inayolifanya tairi lizunguke) na gari bado inavuma." Wengine washabadilisha mbili, wengine washaanza kusema beringi za siku hizi zote feki. Mara nyingi beringi mpya haina kosa lolote. Iliyotolewa ndio haikuwa na kosa, na yenye kosa bado iko chini ya gari inaendelea na mziki wake.

Na mimi yamenikuta, siongei kutoka pembeni. Toyota IST yangu ilianza kuvuma, nikaipeleka gereji moja hapa Dar, fundi akaendesha kama mita mia tatu akasema "boss, hiyo ya mbele kushoto." Ikang'olewa, ikawekwa mpya, nikalipa, nikafika Mwenge tu mvumo uko pale pale. Ile ya zamani nilikuwa nimeiomba, nikafika nayo nyumbani nikaipangusa grisi na kitambaa, ukiacha alama za kung'olewa njia ya gololi ilikuwa inang'aa kama kioo. Mbovu ilikuwa ya nyuma kushoto. Sauti ilikuwa inapanda kwenye bodi na kutokea mbele, basi mimi na fundi wote tukadanganyika.

Kwa hiyo hapa tunafanya kazi moja tu, kujua ni tairi lipi, na kuwa na uhakika kabla hela haijatoka. Fuata hatua kwa mpangilio, usiruke. Anayeruka hatua ya 2 ndio yule anayerudi kulia kwamba bado inavuma.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Jeki nzima na stendi mbili za chuma. Jeki peke yake haitoshi, sababu nitasema chini.
- Kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki. Nyumba nyingi za Dar uani ni mchanga, na jeki kwenye mchanga inazama.
- Mawe makubwa mawili au vigogo vya kuzuia matairi.
- Wili spana.
- Geji ya upepo. Kama huna, kwa fundi pancha wanayo.
- Chaki ya kuandika kwenye tairi.
- Bisibisi ndefu yenye mpini mgumu.
- Mtu mmoja wa kukusaidia, kukanyaga breki na kukaa siti ya nyuma kusikiliza.
- Ukiweza kuazima ile bunduki ya kupima joto bila kugusa, safi sana, ila sio lazima.

Muda weka asubuhi nzima. Jumapili saa moja asubuhi barabara ziko tupu na jua bado halijawa kali, huo ndio wakati wake.

## Hatua ya 1: Hakikisha mvumo ni wa magurudumu, sio injini wala gia boksi

Kwanza gari ikiwa imesimama, gia kwenye P, kanyaga mafuta taratibu mpaka injini ipande. Ukisikia ule ule mvumo wako, funga ukurasa huu, shida yako iko kwenye injini au vitu vinavyozungushwa na mkanda, hayo ni mambo mengine kabisa.

Kama kimya, ingia barabarani. Tafuta kipande kirefu kilichonyooka chenye lami nzuri. Mimi napenda Barabara ya Morogoro ukishavuka Kimara kuelekea Kibaha, wa upande wa pili wanaweza kwenda Bagamoyo Road ukishapita Tegeta. Zima redio, zima AC na feni yake, funga vioo vyote. Nenda 40, kaa hapo kidogo, halafu 60, halafu 80 kama barabara inaruhusu (kwenye makazi mwisho 50, na trafiki na tochi zao za kupima spidi hawalali hata Jumapili).

Mvumo wa beringi unafuata spidi ya gari. Unaanza mdogo, mara nyingi kati ya 40 na 60, "wuuuu", kadri unavyoongeza spidi unapanda, ukipunguza unashuka. Haujali gia gani umeweka wala mzunguko wa injini.

Sasa ukiwa kwenye 60 na nyuma yako hakuna mtu, toa mguu kwenye mafuta, sukuma gia kutoka D kwenda N, acha gari iserereke sekunde tano sita. Injini inashuka chini. Mvumo ukibaki vile vile ukipungua pole pole pamoja na spidi, ni magurudumu. Ukikatika hapo hapo au ukibadilika sana, angalia gia boksi au difu (meno yanayogawa nguvu kwenda kwenye matairi).

Onyo: Usizime injini ukiwa unatembea, hata sekunde moja. Usukani utakuwa mzito na breki itakuwa ngumu kama unakanyaga ukuta. Na ukitoa D kwenda N usibonyeze kile kitufe cha gia, bila kitufe haiwezi kupitiliza mpaka R kwa bahati mbaya.

Umefaulu ukiwa: umeandika spidi ambayo mvumo unaanza, na umejua haujali injini. Andika kweli, kwenye simu au karatasi, kwa sababu baada ya matengenezo utarudi kwenye spidi ile ile na barabara ile ile kulinganisha, na kichwa kinasahau.

## Hatua ya 2: Toa matairi kwenye kesi

Hapa ndio watu wanaanguka. Tairi lililokula vibaya linavuma sawa sawa na beringi, kiasi kwamba hata fundi wa miaka ishirini anaweza kuchanganya. Na Dar tunavaa sana matairi ya mtumba, tairi limezoea gari nyingine, limekula kwa namna ya gari ile, unalifunga kwako linaanza kuimba.

Anza na upepo. Karatasi ya vipimo iko kwenye fremu ya mlango wa dereva, jaza kama ilivyoandikwa huku matairi yakiwa ya baridi. Kisha piga magoti, weka kiganja juu ya tairi sehemu inayogusa lami, kipeleke mbele halafu kirudishe nyuma. Ukienda upande mmoja unahisi laini na ukirudi unahisi meno kama ya msumeno, tairi hilo ni mshukiwa. Pia tafuta mabonde, yani sehemu imepanda sehemu imeshuka kama barabara ya vumbi iliyopigwa na malori. Mabonde hayo mara nyingi yanatoka kwenye shokapu iliyokufa au alaimenti iliyokaa vibaya, kwa hiyo ukiyakuta, kubadilisha tairi peke yake ni kuahirisha tatizo.

Jaribio la pili ni lami. Ukitoka kwenye lami laini ukaingia kwenye lami yenye kokoto za kujitokeza au kwenye zege, sauti ya tairi inabadilika, inakuwa nzito au nyepesi, saa nyingine inapotea kabisa. Ya beringi haijali sana umekanyaga nini, inabaki ile ile.

Jaribio la tatu ndilo linalomaliza ubishi, na ni la bure. Hamisha matairi. Andika kwa chaki MB KUL, MB KUSH, NY KUL, NY KUSH, halafu ya mbele peleka nyuma na ya nyuma lete mbele, kila moja libaki upande wake (kama tairi lina mshale wa kuonyesha linazungukia wapi ndio kabisa usilivushe upande). Rudi barabara ile ile, spidi ile ile.

- Mvumo umehama au umebadilika sauti: ni tairi. Umeokoa hela ya beringi, nenda katafute tairi.
- Mvumo hata haujatikisika: sio tairi, endelea hatua ya 3.

Fundi pancha atakufanyia kazi hiyo kwa muda mfupi tu na hela ndogo, ila simama pale pale uangalie. Nati zikazwe kwa mkono kwanza, kwa mtindo wa kuvuka, yani ukikaza hii unaruka unaenda ya upande wa pili, sio kuzunguka kama saa. Toyota ndogo nyingi nati za tairi zinataka 103 Nm, ambayo ni mtu wa kawaida kuvuta wili spana kwa nguvu ya kawaida, sio kuisimamia kwa miguu miwili na kuruka ruka.

## Hatua ya 3: Yumbisha uzito, upate upande

Gari ikikata kona, uzito unalalia nje ya kona. Ukikata kulia uzito unahamia matairi ya kushoto, ukikata kushoto unahamia ya kulia. Beringi iliyochoka ikibebeshwa mzigo inalia zaidi, ikipunguziwa inanyamaza kidogo.

Kwa hiyo kwenye kona ndefu, spidi 50 hivi, sikiliza. Mvumo ukizidi ukikata kulia, shuku kushoto. Ukizidi ukikata kushoto, shuku kulia. Kona ndefu za barabara kubwa zinatosha kabisa, hakuna haja ya kuyumba yumba kama mlevi, bodaboda wako kila mahali na hawategemei uyumbe.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Nimesema "shuku", sijasema "hukumu". Beringi nyingi za gari ndogo zina mistari miwili ya gololi, wa ndani na wa nje, na kama ulioharibika ni ule ambao kona inaupunguzia mzigo, matokeo yanaweza kugeuka. Hii hatua inakupa upande wa kuanza nao tu.

Msaidizi wako muhamishe siti. Aanze mbele, halafu nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, awe anakaribisha sikio sakafuni. Mimi laiti ningemkalisha mtu nyuma ile siku ya kwanza, ningelipa beringi moja badala ya mbili.

Umefaulu ukiwa: una upande unaoushuku, na una wazo kama ni mbele au nyuma. Kama huna, sio mbaya, hatua ya 6 itasema.

## Hatua ya 4: Joto

Hii fupi. Endesha kilomita 15 mpaka 20 bila kushika breki sana, simama taratibu, toka haraka, pima joto katikati ya rimu pale penye kikombe cha nati kubwa, matairi yote manne. Huna kipimo, sogeza mgongo wa mkono karibu, usiguse. Disk ya breki inaunguza, na ngozi haioti haraka.

Linganisha mbele na mbele, nyuma na nyuma. Mbele kwa kawaida ina joto zaidi ya nyuma, breki za mbele ndizo zinafanya kazi kubwa. Tairi moja likiwa na joto kubwa kuliko pacha wake, ama beringi inasaga, ama breki imeng'ang'ania. Ya breki utaijua ukiinua gari, tairi litakuwa zito kuzungusha.

Na kingine cha Dar: kama gari ilikuwa imepaki jua la saa nane limepiga upande mmoja, kipimo chako ni cha jua.

## Hatua ya 5: Inua, tikisa

Egesha sehemu tambarare na ngumu. Kama ni mchanga weka ule ubao. Zuia matairi yatakayobaki chini, mbele na nyuma yake, kabla hujagusa jeki. Inua kwenye sehemu zilizowekwa alama chini ya kizingiti cha mlango, zina vijino viwili pembeni, sio kwenye bati lolote unaloliona.

Ikishapanda weka stendi, shusha gari ikalie stendi, isukume kidogo kwa mkono uone kama imetulia. Jeki ya majimaji inashuka polepole au inashuka ghafla, haikuulizi. Stendi haishuki.

Ukiinua mbele: hendibreki juu, gia N ili matairi yazunguke.

Ukiinua nyuma: hendibreki chini ili yazunguke. Kwa gari inayovutwa na matairi ya mbele (Vitz, IST, Passo na nyingi za aina hiyo) weka P. Kwa gari inayosukumwa na matairi ya nyuma, kama Hiace au Mark II, P inashika yale yale ya nyuma ambayo yako hewani, na ukitaka yazunguke inabidi uweke N, kwa hiyo kinachoizuia gari ni mawe yako tu. Weka mawe ya maana, usiweke vipande vya tofali vinavyovunjika.

Sasa shika tairi mkono mmoja juu kabisa, mwingine chini kabisa. Vuta wa juu ukisukuma wa chini, badilisha, rudia kwa haraka. Unatafuta mchezo, yani kulegea, na kile kimlio cha "tko tko". Halafu shika kushoto na kulia, fanya vile vile.

- Linacheza juu-chini na pembeni pia: beringi ina uwezekano mkubwa.
- Linacheza kushoto-kulia tu, mbele: angalia tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza tairi) kwanza.
- Linacheza juu-chini tu: inaweza kuwa beringi, inaweza kuwa boljointi (kile kiungo cha mviringo cha chini ya gari).

Kutenganisha beringi na boljointi kuna ujanja mzuri sana ambao mafundi wengi wanaujua ila hawaufanyi. Mwambie msaidizi akanyage breki kwa nguvu aishikilie, halafu tikisa tena. Breki ikishika, disk na chuma kinachobeba beringi vinakuwa kitu kimoja. Kama mchezo umepotea, ulikuwa kwenye beringi. Kama bado upo, uko kwenye boljointi au sehemu nyingine za chini.

Onyo: Tairi likicheza wazi wazi kwa mkono, hiyo gari haitembei tena. Haijalishi gereji iko mtaa wa pili, mlete fundi ulipo. Beringi yenye mvumo bila mchezo inaweza kufika gereji pole pole. Yenye mchezo, hapana.

Na usije ukafurahi kwamba "halichezi, basi nzima." Beringi nyingi zinavuma kwa muda mrefu kabla ya kuanza kucheza. Ndio maana kuna hatua inayofuata.

## Hatua ya 6: Mkono kwenye springi

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu, fanya hii.

Gari ikiwa bado juu ya stendi, kunja mikono ya shati, vua saa na pete. Mkono mmoja upitishe nyuma ya tairi ushike springi. Shika waya wake wenyewe, vidole vitatu vinatosha, usibane. Mkono mwingine uzungushe tairi kwa nguvu ya kawaida, taratibu kwanza, halafu haraka kidogo.

Beringi nzima, springi imekaa kimya. Unasikia labda "shwi, shwi" ya brekipedi inayogusa disk, hiyo ni kawaida, ila kwenye vidole hakuna kitu. Beringi mbovu, springi inatetemeka. Ni mtetemo mdogo wenye chembe chembe, kama umeshika kikombe cha chai kwenye meza ambayo mtu anasagia kitu upande wa pili. Ukishauhisi mara moja hutausahau, na wala hutahitaji mtu wa kukuambia. Mimi ile ya nyuma kushoto niliishika nikanyamaza, nikaenda kulia nikashika, kimya, nikarudi kushoto, "krrrr" kwenye vidole. Nilikaa chini pale kwenye mchanga nikacheka, maana ilikuwa imenichukua dakika mbili kujua kitu nilichokilipia bila kujua.

Kwa nini springi? Kwa sababu ni chuma kirefu kilichobanwa, mtetemo wa beringi unapita kwenye chuma kinachoibeba mpaka kwake, na vidole vinahisi kabla sikio halijasikia. Kama gari yako springi ya nyuma haifikiki, shika mkono wa ekseli karibu na tairi.

Ukitaka kuongeza ushahidi chukua bisibisi ndefu, ncha iweke kwenye chuma kinachobeba beringi (sehemu isiyozunguka), mpini uuweke kwenye mfupa wa mbele ya sikio, msaidizi azungushe tairi. Nzima inatoa sauti laini ya kuteleza. Mbovu inasaga kama mtu anatafuna mchanga.

Fanya matairi yote manne, hata yale unayoyaamini. La mbele litakuwa zito kidogo kwenye gari inayovutwa mbele kwa sababu linaburuza na shafti, usichanganye uzito huo na ubovu. Pia linganisha kila mara na pacha wake.

Onyo kubwa: Zungusha kwa mkono tu. Kuna mafundi wanainua tairi moja, wanawasha gari, wanaweka D, wanakanyaga mafuta huku mwenzao ameingiza kichwa chini. Tairi moja likiwa limesimama, lile la hewani linazunguka mara mbili ya spidi inayoonyesha kwenye dashibodi, ukiona 40 lenyewe liko 80. Na kwa gari inayovuta miguu yote minne, ikishika kidogo inaruka kutoka kwenye jeki. Ukiona wanataka kufanya hivyo na gari yako, sema hapana, ni gari yako.

Umefaulu ukiwa: tairi moja linatetemesha springi na pacha wake hafanyi hivyo. Andika chaki alama ya X. Kama yote manne yako kimya na mvumo upo barabarani, beringi inaweza kuwa inalia ikibeba mzigo tu, basi rudi hatua ya 3 ufanye tena na msaidizi wa nyuma, usikimbilie kununua.

## Sauti zinazojifanya beringi

"Tak tak tak" ukikata kona kali kwa spidi ndogo, mfano unatoka getini: CV jointi (kiungo cha shafti inayozungusha tairi), sio beringi.

Mkwaruzo wa bati "sssrrr" hasa baada ya kupita njia mbovu: kile kibati cha nyuma ya disk kimepinda kinagusa, au kokoto imenasa. Unakikunja kwa mkono, bure.

Mvumo unaobadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia: difu.

Usukani unatetemeka kwenye 80 mpaka 100 bila mvumo: balansi ya matairi.

## Hatua ya 7: Kununua

Wauza spea wa Kariakoo, Gerezani na Ilala watakuuliza namba ya chesisi, nenda nayo, ipige picha. Gari mbili zinazofanana zinaweza kuwa na beringi tofauti kwa sababu tu moja ina ABS (breki zinazozuia tairi lisijifunge).

Jua unanunua nini. Kwenye Toyota nyingi ndogo za kuvutwa mbele, beringi ya mbele ni pete tupu ya kushindiliwa kwa presi, wakati ya nyuma inakuja kama habu nzima (kitovu cha tairi na beringi yake pamoja) yenye bolti nne, unafungua unafunga. Ndio maana bei na kazi havifanani.

Beringi ya mtumba ya kushindiliwa, usinunue. Kuing'oa kunapitisha nguvu yote kwenye gololi, kwa hiyo imeshaumia hata kama inaonekana safi. Habu nzima ya mtumba ya nyuma angalau unaweza kuizungusha ukaisikiliza, ila hata hapo roho yangu haitulii. Kwenye mpya, boksi lisikuchanganye, mtu anaweza kuandika jina kubwa la beringi kama KOYO au NSK kwenye boksi lolote. Angalia maandishi kwenye chuma chenyewe, yawe makali na yamenyooka, zungusha kwa kidole iwe laini na nzito kidogo kwa ajili ya grisi, sili zisiwe na mikunjo. Nunua kwa mtu ambaye ukirudi kesho utamkuta.

Kubadilisha zote mbili kwa pamoja sio lazima. Watu wanachanganya na shokapu. Iliyo nzima iache ifanye kazi.

## Hatua ya 8: Kumsimamia fundi

Simaanishi umfundishe kazi, ila kuna vitu vinne simama uvione.

Presi, sio nyundo. Ukisikia "tutaigonga tu taratibu" chukua gari yako uende kwenye presi, mtaa wowote wenye gereji kuna mtu anayo. Na kwenye presi, beringi ikiingia kwenye chuma chake inasukumwa kwa pete ya nje, habu ikiingia kwenye beringi ndio pete ya ndani inaegemezwa. Wakikosea hapo, gololi zinachimba vishimo kwenye njia yake na mvumo mpya unaanza wiki hiyo hiyo. Nusu ya zile "beringi feki" nadhani ziliuawa hapa.

Upande wa ABS. Beringi zenye sumaku ya ABS, sumaku iko kwenye sili ya upande mmoja na lazima iangalie kisensa. Ikigeuzwa taa ya ABS inawaka, na kurekebisha ni kung'oa tena, yani kununua nyingine.

Nati kubwa ya ekseli. Ikazwe kwa spana ya kipimo, Toyota nyingi ndogo ziko zaidi ya 200 Nm, halafu ifungwe mdomo wake isilegee. Gari isiteremshwe ikakanyaga chini wala kusukumwa nati ikiwa imelegea, uzito wa gari unaumiza beringi mpya kabla haijatembea hata mita moja.

Usafi. Nilishaona beringi mpya imelazwa kwenye mchanga karibu na debe la oili chafu, fundi anaipangusa na kitambaa kile kile alichopangusia breki. Iache kwenye karatasi yake mpaka dakika ya mwisho.

Akikwambia haina haja ya mpya, ataijaza grisi, jua gari ndogo za sasa zina beringi iliyofungwa, haifunguki kujazwa. Zile za kufungua, kuosha, kujaza grisi na kukaza upya ni za gari za zamani na baadhi ya pikapu na malori.

## Mvua, maji na beringi

Kila baada ya mvua kubwa kesi zinaongezeka. Beringi ikiwa ya moto ukaizamisha kwenye maji, kama yale yanayojaa bonde la Jangwani hapa Dar, hewa ya ndani inapoa ghafla, inajivuta, na sili iliyochoka inaruhusu maji kuingia. Maji yanaharibu grisi, kutu inaanza, mvumo unakuja baadaye wakati ushasahau hata uliyapita wapi. Ukilazimika kupita, pita pole pole na wiki chache zinazofuata rudia hatua ya 6. Rimu pana zinazotokeza nje na zile pete za kusogeza tairi nje nazo zinaibebesha beringi mzigo ambao haikuchorewa, na kugonga ukingo wa barabara au shimo kwa kishindo kunaweza kuimaliza siku moja.

## Hatua ya 9: Thibitisha

Kabla hujalipa, omba beringi ya zamani. Washa gari uone taa ya ABS imezima. Endesha ukiwa na fundi ndani, sikiliza kwenye ile spidi uliyoiandika hatua ya 1. Mvumo uwe umepotea, sio "umepungua". Umepungua maana yake kuna kingine, ama beringi ya pili ama tairi, rudi hatua ya 2 pale pale kabla hamjaachana.

Ukifika nyumbani sogeza mgongo wa mkono karibu na rimu iliyotengenezwa uone haina joto la ajabu kuliko pacha wake. Wili spana iache ndani ya gari, na baada ya kilomita 50 mpaka 100 kaza tena nati za tairi hilo gari ikiwa imepoa.